Kope Zilizogeukia Ndani

Metehara, Meskerem 22, 1998

Kwa baba yangu mpendwa, Ayenew,

Nayabusu magoti yako na ya mama. Hujambo, baba? Mama hajambo? Mke wangu Amsal hajambo, na mwanangu Bitew anakua? Ng'ombe wametoka salama kwenye mvua? Mimi huku kwenye mashamba ya miwa, namshukuru Mungu na Bikira Maria, ni mzima kabisa, isipokuwa hamu ya kuwaona ninyi. Sikukuu ya Msalaba tuliisherehekea kambini. Sisi watu wa Gojam tulipata kuni chache tu, lakini tuliimba mpaka watu wa kambi ya pili wakaja kutazama kuna nini.

Mwandiko huu si wangu. Nimemwomba mwenzangu wa chumbani aniandikie, maana nilijikata kidole kwa panga la miwa. Si kitu, kitapona.

Baba, nina ombi, na najua litakushangaza. Nakuomba uwatoe ng'ombe ndani ya nyumba. Wajengee zizi upande wa chini, mbali na mlango. Samadi isilale uani; izolewe kila asubuhi ipelekwe shambani, na ile ya kuwashia moto ianikwe mbali na nyumba. Halafu uchimbe shimo kule nyuma kwenye mikaratusi, liwe na kifuniko, na watu wote wa nyumbani waende haja huko, hata Bitew. Mtu asiende tena vichakani. Kila mkienda mmwage majivu. Wale nzi wadogo wanaong'ang'ania macho ya watoto huzaliwa kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa wazi, na hawa wanaojaa nyumbani huzaliwa kwenye samadi. Tukiwanyima mahali pa kuzaliana watapungua. Na Amsal amwoshe Bitew uso kila siku, hata kama maji ni ya kuchota mbali.

Usiniulize nimeyatoa wapi. Nifanyie tu, baba.

Mwanao,
Desalew


Shola Amba, Tikimt 18, 1998

Kwa mwanangu Desalew,

Salamu nyingi kutoka kwa wote waliomo humu, wa miguu miwili na wa miguu minne. Mimi baba yako, Mungu asifiwe, ni mzima, nakula, nalima. Nafaka yetu ya tefu imesimama vizuri, mvua haikutuonea safari hii. Amsal anakusalimu. Bitew amejifunza kusema "babu" na halali mpaka alitaje. Barua yako imeletwa na mwuza chumvi, imekaa dukani Adet mpaka bahasha ikaliwa na mende pembeni, lakini maneno yote yamefika. Heri mende wangekula na maneno yenyewe.

Niwatoe ng'ombe? Wewe Desalew umelala na ng'ombe hao tangu ulipozaliwa. Usiku wa baridi nilikuwa nakuegemeza kwenye mbavu za dume langu Bure, unalala kama mfalme. Leo umekaa huko kwenye joto, unaniandikia nimtupe Bure nje! Fisi wa bondeni wameshapata habari? Maana watakushukuru sana.

Na hao nzi. Mtoto mwenye nzi usoni, kila mtu hapa anajua kwamba kwao kuna maziwa. Wewe mwenyewe ulikuwa nao mpaka ukutani kivuli chako kilikuwa na manyoya. Ulikufa?

Ama hilo shimo, kosa langu ni kumwambia jirani yetu Chekol. Jumapili tumekaa baada ya misa, pombe ya tela inazunguka, akasimama mbele ya wazee wote.

"Ayenew, tumesikia unajenga nyumba ya pili. Ndugu yangu, hongera! Mlango utaelekea mashariki kama wa kanisa?"

"Na kasisi aje kuibariki lini?" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka wakamwaga tela. Mimi niliyesomea ushemasi, ninayewasomea barua zao, nimekuwa mzaha wa kijiji kwa ajili ya nzi.

Mama yako hajambo, ila siku hizi amekuwa mzembe. Mikate ya injera inaungua upande mmoja. Juzi amemimina maziwa kando ya kibuyu, yote chini, paka akanenepa. Nikimgombeza anasema ni moshi wa jikoni. Mchana hatoki nje, na akitoka amejifunika shuka kichwani kama bibi harusi. Ni uzee tu, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Umesema umejikata kidole. Kidole gani? Kama ni cha mkono wa kushoto, wa kulia una kazi gani?

Baba yako,
Ayenew


Metehara, Hidar 10, 1998

Kwa baba yangu mpendwa,

Nayabusu magoti yako. Salamu kwa mama, kwa Amsal, kwa Bitew. Mimi ni mzima, na safari hii ni mzima kweli. Mwandiko huu ni wangu, unautambua.

Baba, sikujikata kidole. Siku ile tulipokuandikia nilikuwa nimefungwa macho yote mawili kwa bandeji. Sikutaka mama asomewe jambo hilo.

Kwa muda mrefu nilikuwa nahisi kama nina mchanga machoni. Nilidhani ni majivu, maana miwa huchomwa kabla ya kukatwa. Machozi yanatoka, jua linachoma, nafumba macho huku nakata. Siku moja panga langu lilipita karibu na mguu wa mwenzangu mpaka likapasua suruali yake. Alinishika shati akanitikisa. "We Gojam, unataka kuniua? Huoni?" Nikasema naona. Msimamizi akaninyang'anya panga, akanipeleka zahanati.

Muuguzi, mwanamke wa Kioromo, alinigeuza kope ya juu kwa kijiti, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kwenu mnalala na ng'ombe?" akauliza.

Nilishtuka kama nimekutana na mpiga ramli. Nikasema ndiyo.

"Choo mnacho?"

Nikasema tuna nchi nzima. Hakucheka. Alinieleza kwamba ni ugonjwa wa macho ambao nzi huutoa kwa mtoto huyu akaupeleka kwa yule, tangu wakiwa wachanga, mwaka baada ya mwaka. Mikono na nguo za kufutia uso nazo huueneza. Ngozi ya ndani ya kope inafanya makovu, makovu yanavuta, kope zinageuka kuota kwa ndani. Kila nikipepesa nilikuwa najikwangua jicho langu mwenyewe. Mtu akiachwa hivyo jicho linakuwa jeupe, na likishakuwa jeupe hakuna wa kulirudisha. Wakanichana ngozi ya kope wakaigeuza nje, wakashona. Naona, baba. Usiogope.

Alipomaliza aliniuliza, "Nani kwenu anajifunika kichwa mchana?" Nikamjibu hakuna mtu.

Kisha ikaja barua yako. Niliisomea kandokando ya mtaro wa maji nikicheka habari za Chekol, mpaka nikafika pale penye shuka la mama. Nikakaa chini kwenye matope na suruali safi.

Baba, usimgombeze tena kwa injera. Mtoe nje juani umtazame machoni, kwa karibu. Usimwulize. Mtazame tu.

Desalew


Shola Amba, Hidar 25, 1998

Kwa Desalew,

Hatujambo. Kama umeniandikia barua nyingine, haijafika. Mwuza chumvi amepita hana kitu. Siwezi kungoja. Naandika kwa sababu ya lililonipata Jumamosi.

Nilikwenda soko la Adet na tefu. Nikauza vizuri, nikajinunulia gabi jipya, zito, la ukingo mwekundu, nikalivaa hapo hapo nikarudi nalo nyumbani nikiringa. Pale njia inapobanwa na ukuta wa mawe, juu ya kijito, nikamwona mama yako anakuja mbele yangu na mtungi wa maji mgongoni. Alikuwa anatembea ameuegemea ukuta, mkono mmoja unagusa mawe. Nikasimama kando kumpisha. Nilikuwa natabasamu, nangoja aseme neno kuhusu gabi. Akanifikia karibu kabisa, ningeweza kumshika. Akainamisha kichwa.

"Mmeshindaje, bwana?" akasema. "Mungu awafikishe salama huko mwendako."

Akapita.

Desalew, aliniita "ninyi". Mke wangu aliyekuzaa wewe aliniamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni asiyejulikana ametoka wapi.

Nilidhani ananidhihaki kwa sababu ya gabi. Nikacheka, nikamwambia, "Na wewe, bibi, unatoka nchi gani?"

Aliposikia sauti yangu, mtungi ulimponyoka. Ulipasukia miguuni pake, maji yote yakaingia kwenye vumbi. Hakuinama kuokota hata kigae. Akasema, "Ayenew, jua limeniingia machoni."

Jua lilikuwa mgongoni mwake.

Nikamkalisha juu ya ukuta nikamvua shuka. Alijaribu kulishika, nikamwambia acha. Mwanangu, sijui mara ya mwisho nilimtazama lini. Hana kope. Zile chache zilizobaki zimelala ndani ya jicho kama miiba. Jicho la kulia limefunikwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. La kushoto ni jekundu, linatiririka lenyewe, yeye wala halifuti, amelizoea. Nikamshika mkono tukatembea mpaka nyumbani. Chekol alikuwa nje, akafungua mdomo afanye mzaha wake, akaufunga.

Nyumbani nikamwita Amsal. Mkeo akaanza kulia kabla sijauliza. Kile kibanio kidogo cha chuma anachovaa shingoni pamoja na msalaba, siku zote mimi nilidhani ni cha kutolea miiba. Ni cha kumng'olea mama yako kope. Kila ninapokwenda sokoni au kanisani wao hukaa mlangoni, mama yako ameweka kichwa mapajani mwa Amsal, anang'olewa kope moja moja. Wanafanya hivyo tangu Amsal alipoolewa. Kabla yake alikuwa akiwafuata wanawake kijitoni.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Mama aliniapisha kwa Mtakatifu Giyorgis."

"Aliogopa nini?"

Amsal akatazama chini. "Alisema mkijua haoni, mtaleta mwanamke mwingine wa kuoka injera."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Mama yako alikuwa amekaa pale pale, anasikia, hakukana. Na mimi niliwahi kulisema, Desalew. Nililisema kwa hasira siku injera zilipoungua, nikalisahau kabla ya kumaliza kula.

Kisha nikamwona Amsal mwenyewe anasugua jicho kwa mkono. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akageuza uso pembeni.

Na Bitew alikuwa amekaa kizingitini, kando ya samadi, na kipande cha injera mkononi. Nzi walikuwa wamejaa macho yote mawili, wanatembea ukingoni kama ng'ombe wanaokunywa. Hakuwafukuza. Hakupepesa hata mara moja. Alikuwa anakula tu.

Siku zote hizi nilikuwa namwona mtoto huyo hivyo, nami nasema nyumba ina maziwa.

Uliniambia nisikuulize uliyatoa wapi. Sasa nauliza. Ulijua habari za mama yako? Kama ulijua, kwa nini uliniandikia habari za nzi badala ya kuniambia?

Ayenew


Metehara, Tahsas 16, 1998

Kwa baba yangu,

Nayabusu magoti yako, na ya mama mara nyingi zaidi.

Sikujua. Namwapia Mungu. Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya Hidar nadhani umeshaipata, na humo utaona nilivyopata habari. Nilikuwa najua macho yangu tu. Ya mama nimeyajua kupitia kwako, na ya Amsal pia, mke wangu ambaye huniandikia kila mara kwamba hana shida yoyote isipokuwa hamu ya kuniona.

Barua yako nimeisoma, nikairudisha mfukoni, nikaitoa tena. Mama alikuamkia kama mgeni! Mwenzangu wa chumbani aliponiuliza kuna msiba gani, nilimwambia hakuna aliyekufa. Akasema, "Basi mbona uko hivyo?"

Sikiliza, baba. Yule muuguzi ameniambia kuna madaktari watakaopiga mahema Adet baada ya sikukuu ya Timket, kwenye uwanja wa shule. Wanapasua kope bila malipo. Mpeleke mama. Mpeleke na Amsal, na Bitew akanywe dawa. Usiseme tungoje mavuno yaingie ghalani. Jicho la kulia limeshakuwa jeupe, sijui kama watalisaidia, lakini la kushoto kila anapopepesa linakwanguliwa, hata sasa hivi unapoyasoma haya.

Mimi siwezi kuja, ukataji wa miwa umepamba moto na aliyeondoka harudishwi. Wamenipa kazi ya ulinzi wa mitaro. Panga hawanipi tena.

Ng'ombe je?

Desalew


Shola Amba, Tir 27, 1998

Kwa mwanangu Desalew,

Tuko hai wote, jambo hilo ulijue kwanza. Ndama mmoja hayuko hai, nitakueleza.

Barua zako zote mbili zilifika pamoja. Ile ya Hidar niliisomea ghalani peke yangu. Umelazwa macho yamefungwa, na mimi nakuuliza kidole gani! Tuyaache hayo.

Ng'ombe niliwatoa siku ile ile nilipokuandikia. Nikawafungia uzio wa miiba upande wa chini. Bure alisimama mlangoni jioni nzima analia kama aliyefukuzwa na mkewe. Samadi ya uani niliizoa mimi mwenyewe kwa jembe, na chini yake nikakuta mabuu meupe yanachemka kama wali jikoni. Nikajiuliza ni mazao gani mengine nimekuwa nikiyafuga humu ndani bila kujua. Shimo nikalichimba kule kwenye mikaratusi mpaka likanizidi kimo, nikaweka magogo, nikaweka kifuniko cha mbao na debe la majivu. Chekol alikuja kutazama. Nilijua anakuja na maneno yake. Akachungulia ndani, akaniuliza polepole, "Ayenew, hata mke wangu anajifunika shuka mchana. Unadhani ndiyo hayo hayo?" Nikampa jembe.

Kisha fisi akaja. Asubuhi tulikuta uzio umetobolewa na ndama wa yule ng'ombe mwekundu hayupo. Damu imeburutwa mpaka kwenye majani ya bonde. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikafungua mlango wa nyumba, nikaanza kuwaswaga ng'ombe waingie ndani. Mama yako akatoka akasimama kizingitini, akaikamata miimo yote miwili.

"Ukiwaingiza hawa," akasema, "mimi nitalala huko zizini."

"Umemwona ndama wangu alivyoliwa?"

"Sikumwona," akasema. "Mimi sioni."

Hilo ndilo neno lililonigeuza, Desalew. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Nikawarudisha ng'ombe, nikajenga ukuta wa mawe unaofika kifuani mwa mtu, na miiba juu. Chekol alinisaidia kubeba mawe.

Nzi hawakuisha, nisikudanganye. Lakini sasa mtu anaweza kunywa maziwa bila kuyachuja kwa vidole. Bitew anaoshwa uso asubuhi na jioni, na analia kama anachinjwa.

Kwenda Adet ndiko kulikokuwa kugumu. Kuna aliyemwambia mama yako kwamba wanang'oa jicho zima wanaliuza. Tulifika uwanja wa shule, watu wamejaa, wanawake tele wamejifunika mashuka, wanaongozwa kwa fimbo na watoto wao. Sikujua kuna wengi hivyo. Wengine nimekuwa nikiuza nao tefu soko moja. Mama yako aliposikia vyuma vinagongana kwenye sahani, akakaa chini, akakataa katakata. Nikamsihi, nikamkemea, nikamsihi tena. Ndipo Amsal akasema, "Mama, nitangulie mimi. Nikipiga kelele, ondoka uende zako." Akaingia, akalala. Mama yako alisimama nje ya turubai ametega sikio. Sindano ya ganzi ilimchoma Amsal, aliniambia baadaye, lakini hakutoa hata pumzi kubwa. Akatoka jicho moja limefungwa, akamshika mama yako mkono, akamwingiza.

Daktari alinikaribisha nisimame kando. Akageuza kope ya mama yako akanionyesha kwa ndani: makovu meupe kama ngozi iliyoungua. Akaniuliza, "Tangu lini anaumwa?"

Nilifungua mdomo. Watu wananitazama, mume wake, mwenye ndevu nyeupe, na gabi jipya.

Mama yako akajibu akiwa amelala pale. "Tangu kijana wetu anaota meno."

Tangu wewe ukiota meno, Desalew! Na sasa una mtoto.

La kulia, daktari amesema, wamelitoa maumivu tu, kuona halitaona. La kushoto tungoje. Leo amefungwa macho yote mawili, ameketi jikoni, anamwelekeza Amsal mwenye jicho moja namna ya kuoka.

Baba yako,
Ayenew


Metehara, Yekatit 20, 1998

Kwa baba na mama,

Nayabusu magoti yenu. Barua yako, baba, niliisoma kwa sauti kambini mbele ya watu wa kwetu. Baadaye wawili walinifuata kwa siri, wakaniomba niwapeleke kwa yule muuguzi.

Ndama hata usimtaje. Nitaleta mwingine nikija Pasaka.

Sitaki kuandika mengi. Nataka kujua kitu kimoja: bandeji zimetolewa? Mama anaona nini? Nawaomba msiniandikie kwamba wote ni wazima. Andikeni anachokiona.

Desalew


Shola Amba, Megabit 12, 1998

Kwa mwanangu Desalew,

Salamu kutoka kwa wote. Jicho la Amsal limepona, anakusalimu, anasema atakusema mwenyewe ukija kwa kumficha habari za macho yako. Bitew alikunywa dawa tamu ya Adet, akadai nyingine, akanyimwa, akaanguka chini uwanjani mbele ya madaktari.

Nilitaka kukueleza mimi anachokiona mama yako. Amekataa. Ameketi hapa mlangoni kwenye mwanga, hana shuka kichwani, amesema niandike anayoyasema yeye, yote, nisipunguze. Yanayofuata ni yake.

"Desalew mwanangu. La kulia limekwenda, usililie, lilikuwa limekwenda zamani. La kushoto linaona. Naona mlima. Naona moshi wa nyumba ya Chekol, na mkewe anaingia na kutoka. Nimeona uso wa mwanao. Nilikuwa namjua kwa kumpapasa tu, nikadhani pua ni yako, kumbe ni ya upande wa Amsal. Ni mzuri hivyo hivyo. Nimemwona na baba yako. Amezeeka sana. Hakuna aliyeniambia.

"Wewe ulikatwa macho, ukamwambia baba yako ni kidole. Mkeo alikuwa anaumwa, akakuandikia ni hamu tu. Ukoo gani huu? Ukija utaketi mbele yangu juani na mimi nitakutazama mwenyewe.

"Kuna jambo lingine. Baba yako anawaambia watu kwamba nilimficha. Amemwambia Chekol, amemwambia kasisi, amewaambia na wale wa Adet. Kila mtu anamwonea huruma, maskini Ayenew, alifichwa na mkewe. Basi andika hili. Sikumficha. Nilimwekea chakula mbele yake kila siku, asubuhi na jioni, tumekaa goti kwa goti. Yeye alitazama chakula."

Hapo niliweka kalamu chini.

Akaniuliza, "Umeandika?"

Nikasema nitaandika.

Akanigeukia na lile jicho lake la kushoto, akalituliza juu ya mkono wangu.

"Andika," akasema. "Sasa naona kama unaandika au huandiki."

Nimeandika.

Baba yako,
Ayenew